UZI MAALUMU: Vifaa vya lazima kwa tangi lako la kwanza la samaki wa mapambo, na vya kuacha dukani

#1 PeregeMzee

Wakuu, salaam. Swali la "nataka kuanza kufuga samaki wa mapambo, ninunue nini?" linarudi humu kila baada ya siku mbili, na majibu yake yamesambaa kwenye nyuzi kumi. Anayeanza anaokota nusu huku na nusu kule. Mwisho wa siku ana taa ya rangi saba na sanduku la hazina la plastiki linalofunuka kwa mapovu, lakini hana kipimo cha amonia. Tuyaweke yote hapa. Wajuzi mnirekebishe nitakapoteleza.

Kabla ya vifaa, shika hili. Samaki anatoa amonia usiku na mchana, nyingi ikitokea kwenye matamvua yake, nyingine kwenye kinyesi na chakula kilichobaki. Amonia inamuunguza. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile kwa sababu inaifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Halafu kuna wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi wanaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Hawa bakteria hawaelei ovyo majini, wanajishikiza kwenye sponji, changarawe na vioo. Filta basi kazi yake kubwa ni kuwa nyumba yao. Maji kung'aa ni nyongeza tu.

Ndiyo maana hela yangu ya kwanza ningeiweka kwenye tangi, filta, vipimo vya maji na dawa ya kuondoa klorini. Hita inategemea chumba chako. Taa ya kifahari, picha ya nyuma na majumba ya plastiki vikae mwisho wa foleni.

Nitatumia tangi moja kama mfano: urefu sm 60, upana 30, kimo 36. Zidisha zote, gawa kwa 1,000, unapata lita 64.8. Hizo ndizo lita za kwenye boksi. Ukiacha sm 3 juu bila maji na ukaweka changarawe, maji halisi ni kama lita 54. Dawa, hita na idadi ya samaki pima kwa hizo 54.

#2 MgeniMajini

Shukrani mkuu. Sasa mbona mtu asianze na dogo la lita 15, au lile bakuli la mviringo, akizoea ndipo apande? Linaonekana rahisi kwa anayejifunza.

#3 PeregeMzee

MgeniMajini, linaonekana rahisi kubeba, basi. Kulitunza ni kugumu kuliko kubwa. Chakula kilekile kilichozidi kikioza kwenye lita 15, sumu yake inakuwa kali zaidi ya mara tatu kuliko kwenye lita 54. Joto nalo hupanda na kushuka haraka kufuata chumba. Makosa utayafanya, wote huyafanya, na maji mengi yanakupa muda wa kuyagundua kabla samaki hajalala ubavu.

Bakuli lina kasoro ya pili. Oksijeni huingia pale maji yanapogusana na hewa, juu. Bakuli likijazwa hadi shingoni, uso huo unabaki kama sahani ndogo. Na hakuna pa kukaa filta wala hita. Tangi refu la kwenda juu kama mnara lina tatizo hilohilo: lita ni nyingi, uso ni mdogo, na mkono haufiki chini wakati wa kusafisha. Chagua tangi la kulala.

Na kabla hujalipia tangi, taja samaki unayemtaka. Goldfishi wa kawaida anafika sm 30 na hata wale wa mviringo wanafika 15 hadi 20, kwa hiyo lita 54 si nyumba yao hata kama dukani ana ukubwa wa kidole. Yule anayenyonya vioo, pleko wa kawaida, anapita sm 30. Kwa tangi la mfano fikiria samaki wadogo: neoni tetra 8 hadi 10, au gapi madume watupu (ukichanganya na majike, baada ya miezi michache utakuwa unagawa vifaranga), au beta mmoja peke yake.

#4 FundiVioo

Niingie kwa upande wa kioo na meza, maana hapa watu hupapasa.

Uzito. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Tangi la mkuu hapo juu: maji kilo 54, changarawe kama 14, kioo cha mm 6 kama 12. Jumla ni kilo 80, ni mtu mzima anayesimama hapo miaka yote bila kushuka. Meza ya mbao za kubandika yenye miguu minne myembamba itapinda katikati, na kioo hakipindi nayo. Kinapasuka.

Weka pimamaji (kile kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa) juu ya meza kwa urefu, kwa upana, halafu kwa mshazari, tangi likiwa bado tupu. Kama kuna tofauti, weka kipande chembamba chini ya mguu wa meza. Usiweke chini ya tangi, maana unaacha kioo kikining'inia pembeni ya kipande hicho. Tangi lisilo na fremu ya chini liwekee godoro jembamba la povu, la mm 5 linatosha, limeze punje na mabonde ya meza. Tangi lenye fremu ya plastiki kuzunguka chini halitaki povu. Uzito wake umekusudiwa ukae kwenye fremu, na povu litausukuma hadi kioo cha katikati.

Tangi lililokwisha kutumika: pitisha kidole kwenye silikoni za ndani. Inayobanduka kwa ukucha au yenye mapovu meupe kati yake na kioo ni ya kurudia. Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, kwa hiyo ya ndani ikwanguliwe yote kwa wembe, kioo kifutwe kwa spiriti, ndipo ipakwe mpya. Tafuta silikoni tupu isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Zile za bafuni nyingi zina dawa hiyo, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Iache saa 48 hadi 72, mpaka harufu ya siki iishe kabisa.

Jaribio la kuvuja: tandika magazeti makavu, weka tangi juu, jaza theluthi, subiri saa chache, jaza lote, acha saa 48. Gazeti linaonyesha hata tone ambalo jicho halikuliona. Fanyia mahali ambapo maji yakimwagika hakuna kilio.

#5 NusuNdoo

Fundi, usisahau kuwaambia wasilisafishe kwa sabuni.

#6 FundiVioo

Hilo kweli. Chokaa nyeupe inatoka kwa siki na kitambaa, kisha suuza mara tatu. Sabuni inabaki kwenye silikoni na kutoka kidogokidogo.

#7 MajiTulivu

Tuje kwenye filta. Kanuni ya kukadiria: ipitishe maji yote mara 4 hadi 6 kwa saa. Lita 54 mara 5 ni lita 270 kwa saa. Ila namba ya kwenye boksi ilipimwa filta ikiwa tupu, bila sponji ndani. Ukishaijaza na ikishika uchafu wa wiki mbili, mtiririko unapungua sana. Chukua iliyoandikwa 300 hadi 400, na iwe na kidhibiti cha kasi.

Aina zinazomfaa anayeanza ni tatu. Ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Ya kuzama, yenye mota ndani ya maji. Ya kuning'iniza nyuma ya tangi, inayovuta maji kwa bomba na kuyamwaga kama maporomoko. Ile ya kopo la nje iache mpaka uwe na tangi la lita 150 na kuendelea, utalipia nguvu usiyoihitaji.

Kwa kura yangu, ya kuning'iniza ndiyo bora. Inafunguliwa bila kuloweka mkono, ina nafasi ya sponji na vipande vya seramiki, na maporomoko yanakoroga uso wa maji hewa iingie.

Jambo moja kuhusu zile katriji zenye mkaa zinazouzwa kama kipuri. Maelekezo yanasema ubadilishe kila mwezi. Ukifanya hivyo unatupa nusu ya bakteria wako kila mwezi, kisha unashangaa maji kugeuka maziwa. Mkaa wenyewe unashiba baada ya wiki tatu au nne, na kazi yake kubwa ni kuondoa dawa, harufu na rangi. Toa katriji, weka kipande cha sponji nene kilichokatwa kwa ukubwa uleule. Kitadumu miaka.

#8 PeregeMzee

Mkuu MajiTulivu nakubali yote isipokuwa kura. Kwa tangi la kwanza nabaki na sponji, sababu ni umeme. Ukikatika, filta ya kuning'iniza inaishiwa maji kwenye bomba. Ukirudi na kiwango cha maji kikiwa kimeshuka sm chache kwa kukauka, mota inazunguka kavu mpaka iungue, na kama hupo nyumbani hutajua. Sponji ikikatiwa umeme inakaa tu majini, ukirudi mapovu yanaendelea. Na pampu ya hewa ya betri ipo, unahamishia mpira uleule.

Tena sponji hainyonyi vifaranga wala uduvi wadogo, na haina mkondo wa kumchosha beta mwenye mapezi marefu kama kanzu.

#9 MajiTulivu

Kwa beta nimeshindwa, chukua ushindi. Ila sponji inakula nafasi ndani, na pampu ya hewa ina mvumo usiku kucha. Anayelala chumba kimoja na tangi aizingatie. Mvumo unapungua ukiiweka pampu juu ya kipande cha povu, isigusane na ukuta.

Kuhusu mota kuungua: jaza maji mpaka karibu na mdomo wa filta, na ongeza kila wiki yanayokauka. Kifuniko cha tangi kinapunguza huko kukauka, na kinazuia samaki kuruka. Beta na gapi wanaruka, msidanganyike na upole wao.

#10 BiChangarawe

Nyote wawili mmesahau vali, na ndiyo inayoleta mafuriko sebuleni.

Pampu ya hewa ikiwekwa chini ya usawa wa maji na umeme ukakatika, maji yanarudi kwenye mpira kwa kujinyonya, yanaijaza pampu, yanaendelea hadi sakafuni na kwenye soketi. Kinga ni mbili, tumia zote. Kwanza, pampu ikae juu ya usawa wa maji kama kuna rafu. Pili, vali ya njia moja katikati ya mpira, karibu na tangi. Vali hiyo ndogo kama kifundo cha kidole watu huifunga kinyume, halafu wanalalamika sponji haitoi mapovu. Puliza kwa mdomo kabla ya kuunganisha: upande unaopokea pumzi yako ndio unaotazama pampu, upande pumzi inakotokea ndio unaoelekea tangi. Vali zinachoka, ya kubadilisha iwepo kabatini.

Nyaya nazo: kila waya unaotoka kwenye tangi ushuke chini ya soketi kwanza, ndipo upande tena kuingia. Tone linalotiririka kwenye waya litadondoka pale kwenye tumbo la waya, halitaingia kwenye soketi. Na soketi hiyo iwe na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Chomoa vifaa kabla hujaingiza mkono majini.

#11 MgeniMajini

Nimenukuu kila kitu. Hita je? Wengine wanasema lazima, wengine wanasema ni ya nchi za baridi.

#12 PeregeMzee

Kaulize themomita. Weka ndoo ya maji pale tangi litakapokaa, pima alfajiri na mchana kwa siku tatu. Samaki wengi wa maji ya joto wanataka nyuzi 24 hadi 27. Kama maji ya alfajiri hayashuki chini ya 24, huna haja ya hita. Kama yanacheza kati ya 20 usiku na 27 mchana, unayo haja, hata kama wewe mwenyewe unatoka jasho. Mruko huo wa kila siku unawachosha.

Ukubwa: wati 1 kwa lita 1, kwa hiyo wati 50 kwa tangi la mfano. Usinunue ya 200 kwa kudhani itadumu zaidi. Hita zinapokufa, mara nyingi swichi ya ndani inagandia kwenye "washa". Ya wati 50 ikigandia utaona joto linapanda taratibu na utawahi. Ya 200 inapika.

Ilaze kwa mshazari karibu na filta inapotoa maji, na themomita ikae upande wa pili wa tangi. Zile themomita za kubandika nje ya kioo zinasoma kioo na chumba pamoja, zinaweza kupishana na ukweli kwa nyuzi moja au mbili. Ukiitia hita majini, subiri dakika 20 kabla ya kuichomeka. Ukitaka kupunguza maji, ichomoe, subiri dakika 20 nyingine. Kioo chake kikiwa cha moto kikabaki nje ya maji, ukimwaga maji ya baridi juu yake kinapasuka.

Goldfishi hana haja ya hita. Na hilo ni jibu pia kwa wanaouliza kama anaweza kuishi na neoni: joto wanalolipenda halilingani.

#13 BiChangarawe

Zamu yangu kwenye sakafu ya tangi. Hesabu: 60 × 30 × kina cha sm 5 ni lita 9 za changarawe, na lita moja ina kama kilo 1.5, kwa hiyo nunua kilo 14. Punje za mm 2 hadi 4. Kubwa kuliko hapo, chakula kinazama katikati na kuoza pasipofikiwa na samaki wala mpira wa kunyonya uchafu. Samaki wanaochimba kwa midomo, kama koridorasi, wape mchanga laini, maana kokoto zenye makali zinawakwaruza sharubu.

Osha kabla ya kutia. Mimina robo ya ndoo, jaza maji, koroga kwa mkono mpaka yawe kama uji, mwaga, rudia. Inaweza kufika mara kumi. Ukikata tamaa kwenye ya nne, utaangalia wingu kwenye tangi wiki nzima.

Jiwe lolote la kuokota lijaribu kwa siki. Likwangue kidogo kwa msumari upate sehemu mpya, dondoshea siki, sogeza jicho. Vipovu vidogo vikitoka kwa sauti ya kuchemka ni chokaa, na itapandisha ugumu wa maji (wingi wa madini yake) na pH (kipimo cha uasidi wa maji) polepole. Gapi watalifurahia, neoni hawatalifurahia. Makombe na matumbawe yana chokaa pia, hata yawe mazuri vipi.

#14 NusuNdoo

Mimi niongelee maji, maana mtu anaweza kuwa na vifaa vyote hivyo akaua samaki kwa bomba.

Maji ya bomba yanatiwa klorini au kloramini ili kuua vijidudu, na bakteria wa filta yako ni vijidudu vilevile. Klorini inatoka yenyewe ukiacha ndoo wazi saa 24 huku jiwe la hewa likikoroga. Kloramini haitoki hivyo, hata ukiacha siku tatu. Kama hujui mnatiwa ipi, tumia dawa ya kuondoa klorini iliyoandikwa kuwa inashughulikia zote mbili. Chupa ndogo inakaa muda mrefu. Kosa la kipimo ni hili: ukitibu maji ndani ya ndoo, pima dawa kwa lita za ndoo. Ukimimina maji ya bomba moja kwa moja kwenye tangi, pima kwa lita za tangi zima.

Maji ya kisima kwa kawaida hayana klorini, ila yapime nitrati na ugumu kabla. Maji ya mvua ni laini mno. Yale mageuzi ya amonia yanakula ualkali wa maji, na mvua haina akiba yake, kwa hiyo pH inaporomoka. Ikishuka chini ya 6.5 bakteria wanazembea, ikikaribia 6 kazi inakaribia kusimama. Changanya na ya bomba.

Vipimo vya lazima: amonia, nitriti, nitrati, pH. Chukua vya matone, vya karatasi ni vya kukisia. Kwenye kipimo cha nitrati, chupa mojawapo ina unga unaotuama chini. Itikise kwa nguvu nusu dakika kabla ya kudondosha. Usipotikisa utasoma sifuri, utajipongeza bure.

Na ndoo. Nunua mpya, iandike "SAMAKI" kwa kalamu isiyofutika, isiguswe na sabuni maisha yake yote. Robo ya maji kwa wiki ni kama lita 13 au 14, kwa hiyo ndoo ya lita 15 inamaliza kazi kwa safari moja.

#15 Kibunzi_K

Samahani wakuu nimechelewa uzi. Jirani yangu dukani kaambiwa "weka maji leo, samaki kesho, tia hii chupa ya bakteria". Ni kweli?

#16 MajiTulivu

Kibunzi_K, chupa za bakteria nyingine zinasaidia, nyingine ni maji ya bei mbaya, inategemea zimehifadhiwaje. Hakuna inayokuondolea kazi ya kupima. Tangi jipya linachukua wiki 4 hadi 6 kukomaa, yaani bakteria wake kutosha, na linaweza kukomaa bila samaki hata mmoja kuteswa.

Washa filta, weka joto nyuzi 26 hadi 28 kama una hita. Tafuta amonia ya dukani isiyo na manukato. Tikisa chupa: mapovu yakitoweka papo hapo ni safi, yakikaa kama ya sabuni iache. Lengo ni miligramu 2 kwa lita. Kwa lita 54, amonia ya asilimia 10 ni kama ml 1 tu, kwa hiyo tumia bomba la sindano lisilo na sindano, usimimine kwa jicho. Fungulia dirisha, ukali wake unachoma macho.

Pima kila baada ya siku mbili. Kwanza amonia inakaa palepale na utadhani hakuna kinachoendelea. Kisha inaanza kushuka na nitriti inapanda, inapanda sana, hapo ndipo watu wanakata tamaa. Kila amonia ikifika sifuri rudisha dozi, lakini nitriti ikizidi rangi ya mwisho ya kipimo, simamisha kwanza au badilisha nusu ya maji. Siku utakapotia miligramu 2 na baada ya saa 24 amonia sifuri, nitriti sifuri, tangi limekomaa. Badilisha maji mpaka nitrati ishuke chini ya 20, ingiza samaki.

Njia ya mkato ya kweli ipo moja: kipande cha sponji chafu kutoka tangi la mtu lenye afya, kiingie kwenye filta yako kikiwa bado kibichi. Hakikisha samaki wake hawana ugonjwa, maana nao unasafiri na sponji.

#17 PeregeMzee

Nashadidia hapo kwa MajiTulivu. Hata likikomaa, usiingize samaki kumi siku moja isipokuwa umelilisha kwa ile dozi kamili mpaka jana yake. Waliokomaza kwa kutia chakula kidogo kidogo badala ya amonia waanze na samaki watatu au wanne, wapime wiki nzima, ndipo waongeze.

Na sponji ikiziba, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi. Yatatoka ya kahawia kama chai ya rangi, ikamue mara mbili tatu, rudisha. Hutakiwi kuifanya ing'ae. Ukiisuuza bombani umerudi wiki ya kwanza.

#18 FundiVioo

Taa hamjaigusa.

#19 BiChangarawe

Ni fupi. Taa ya LED ya kawaida nyeupe, saa 6 kwa siku mwezi wa kwanza, baadaye hadi 8, iongozwe na taima. Bila taima utasahau, na mwani wa kijani utakukumbusha. Tangi lisikae dirishani, jua linaongeza mwani na kupandisha joto. Mimea ya kuanzia: Anubias na Microsorum, haitaki mwanga mkali wala gesi ya kaboni dioksidi. Ifunge kwa uzi kwenye jiwe au mti, lile shina nene linalolala usilifukie kwenye changarawe, litaoza.

Mtungi wa gesi hiyo, taa ya kuua vijidudu, mashine ya kutoa povu (hiyo ni ya maji ya chumvi kabisa): viache dukani.

#20 MgeniMajini

Umeme ukikatika saa nyingi na sina pampu ya betri?

#21 PeregeMzee

Usiwalishe, chakula kinaongeza amonia. Chota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, dakika chache kila nusu saa, uso wa maji uvunjike. Kama chumba ni baridi, zungushia tangi blanketi, acha upenyo juu. Mwenye filta ya kopo la nje asiiwashe tu umeme ukirudi baada ya saa nyingi. Ndani yake maji yamekaa bila oksijeni, bakteria wamekufa na yananuka. Aimwage, asuuze sponji kwa maji ya tangi, ndipo awashe.

#22 NusuNdoo

Mpira wa kunyonya kwa tangi hili: kikombe chake (kile kichwa kipana cha mwisho) kisizidi upana wa sm 4 au 5. Kikiwa kipana, lita 14 zinaisha kabla hujasafisha nusu ya changarawe. Chomeka kikombe ndani ya changarawe, punje zitaruka kama zinachemka, uchafu upande juu, punje zidondoke, hamia pembeni. Maji mapya yalingane joto na ya tangi, tofauti isizidi nyuzi 2.

#23 Kibunzi_K

La mwisho wakuu, wavu wa kushikia nichukue wa ukubwa gani?

#24 BiChangarawe

Chukua mbili, za sm 10 na 15, zenye matundu laini. Kubwa unaisimamisha pembeni isicheze, ndogo ndiyo ya kumswaga samaki aingie humo. Kwa wavu mmoja utamkimbiza robo saa na kung'oa mimea yote.

#25 FundiVioo

Na mlifunike tangi mkimaliza. Samaki aliyebaki majini naye kashtuka, huyo ndiye atakayeruka.